Ngitili: Akiba ya Majani kwa Siku za Ukame

Mfugaji hawapotezi ng'ombe wake siku ile mvua inapokatika. Huwapoteza miezi kadhaa baadaye, Septemba au Oktoba, nyasi zilipokwisha liwa na ardhi imebaki vumbi tupu. Kati ya nyakati hizo mbili upo muda, na katika muda huo watu wa kijiji waweza kujilinda. Katika somo hili tutautazama utaratibu wa Wasukuma uitwao ngitili, kisha tuulinganishe na jambo lililofanyika Bara Arabu zama za Mtume Muhammad (s.a.w.) na za Khalifa wake wa pili, maana yanafanana kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zinapoanza, mnamo Novemba au Desemba, mifugo huzuiwa kuingia humo. Nyasi huota, hurefuka, hutoa mbegu na kukaukia pale pale zikiwa zimesimama. Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamekwisha, ngitili hufunguliwa, na mara nyingi si yote kwa pamoja bali kipande baada ya kipande. Mwenye nayo huwa amejiwekea ghala la majani lisilo na paa wala kufuli.

Shinyanga ilikaribia kuupoteza utaratibu huo. Zama za ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na miti ikakatwa kwa kuni. Tena watu walipohamishiwa katika vijiji miaka ya 1970, wengi waliyaacha maboma yao ya zamani pamoja na ngitili zao, na aliyeijua mipaka akawa anakaa mbali nayo. Kufikia miaka ya 1980 mkoa huo uliitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mwanzoni mkazo ulitiwa katika vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Nia ilikuwa njema, lakini mche hutaka maji, na maji ndiyo yaliyokosekana. Wenyeji walikuwa na dawa iliyo nafuu zaidi. Chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, visiki na mizizi ya migunga ilikuwa bado hai. Haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kupumzishwa. Mahali palipofungwa, machipukizi yaliinuka yenyewe, nyasi zikarudi, na maji ya mvua ambayo zamani yalikuwa yakitiririka na udongo yakapata nafasi ya kuzama ardhini. Mwaka 1986 zilihesabika hekta 600 hivi za ngitili. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita 300,000, katika Mkoa wa Shinyanga kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Wanawake waliokuwa wakienda mbali kutafuta kuni walizipata karibu na nyumbani.

Wala msomaji asidhani kwamba yote hayo yalilindwa na maaskari wa Serikali. Mkutano wa kimila uitwao dagashida ulipitisha masharti, sungusungu wakalinda, na aliyeingiza ng'ombe usiku alitozwa faini na majirani zake mwenyewe. Sheria ya namna hiyo mtu huiogopa kwa sababu humtia aibu mbele ya watu atakaokutana nao kesho kisimani.

Hata hivyo, liko doa ambalo haifai kulifunika. Ngitili nyingi ni za mtu binafsi au jamaa moja, na asiye na ardhi hana cha kufunga. Hata katika ngitili ya kijiji kizima, mwenye ng'ombe 200 hufaidi mara hamsini kuliko mwenye wanne, ilhali kulinda wamelinda sawasawa. Ukame ukizidi, tajiri huuza sehemu ya kundi akaishi. Maskini ng'ombe wake wanne wakifa amekwisha.

Hapo ndipo tunapopata faida kwa kutazama Bara Arabu. Kabla ya Islam wakuu wa makabila walijitengea malisho mazuri, yakiitwa hima, wakiwazuia wengine. Mtume (s.a.w.) aliiondoa desturi hiyo ya kujipendelea, akafundisha kwamba hima yaweza kuwekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake tu, yaani kwa manufaa ya umma, naye alitenga Naqi', karibu na Madina. Hadhrat Umar (r.a.) alipotenga Rabadha alimweka mtumwa wake aliyeachwa huru, jina lake Hunayy, awe mlinzi. Alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Hawa walikuwa masahaba wakubwa! Lakini walikuwa matajiri. Wanyama wao wakifa, walikuwa na mitende na mashamba ya kurudia. Maskini akipotelewa na wanyama wake angemjia Khalifa pamoja na watoto wake, naye Khalifa asingeweza kumwacha. Basi kumpa majani kulikuwa rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Kijiji kinachotaka kufunga malisho mwaka huu, basi, kisitosheke na kuuliza yafungwe lini. Kiulize pia, siku ya kufungua, ataanza nani, na kila mmoja aingize ng'ombe wangapi. Majibu yaandikwe katika sheria ndogo za kijiji na kupelekwa halmashauri ya wilaya yakathibitishwe. Na mkutano huo ufanyike mapema, mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijanyesha, wakati kila mtu anaiona njaa ya ng'ombe wa jirani yake kwa macho.