SOMO LA KOMPYUTA: Diski ya inje, na pahali GRUB inakaa



Wengi mumetuuliza juu ya nini mashine ya ofisi ilikataa kuwaka Jumatatu ile, na alama zote za mitihani ziko ndani yake. Hatutaficha: ni sisi wa klasi ya sita.

Tulitaka kuweka Linux juu ya diski ya inje, tujifunze bila kugusa Windows ya ofisi. Kwanza diski haikuonekana. Tuliandika lsblk, amri ya kuonyesha diski zote, tukaona sda peke yake, ile ya ndani. Wengine wakaanza kulaumu Linux. Lakini diski ilikuwa inalia tik-tik, na mara nyingi hiyo ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu, la USB 3.0 linatoa 900, na sisi tuliipitisha kwenye kigawanyio pamoja na kibodi na kipanya! Tukaichomeka moja kwa moja kwenye mashine, kwa waya mfupi. Tukaandika dmesg, ambayo inaonyesha kile kerneli imeona, na sdb ikatokea. Musitegemee majina hayo, yanaweza kubadilika mukiwasha tena. Tazameni ukubwa: yetu ya ndani iko na GB 500, ya inje GB 320.

Sasa pahali tulianguka. Linux yenyewe iliingia muzuri kwenye diski ya inje. Lakini GRUB, programu ndogo inayoamka mbele na kuita Linux ao Windows, iliwekwa kwenye sehemu ya EFI ya diski ya ndani. Programu ya kusakinisha iliikuta sehemu hiyo pale, ikaitumia, na sisi tulikubali bila kusoma. Jioni tukachomoa diski, tukaenda nayo. Jumatatu: kioo cheusi, na neno grub> tu. GRUB iliamka ndani ya mashine, lakini vitu vyake vingine vilikuwa katika sanduku letu kule bwenini.

Windows haikuwa imekufa. Mukiwasha, mubonyeze F12 (mashine nyingine ni F9 ao Esc), muchague Windows Boot Manager. Alama zote zilikuwa pale, na katibu akapumua.

Kisha tulirekebisha. Katika mipangilio ya UEFI tulirudisha Windows mbele. Tukawasha Linux, tukatengeneza kwenye diski ya inje sehemu ya FAT32 ya MB 300, tukaiweka kwenye /boot/efi, tukasahihisha fstab ifuate sehemu hiyo mpya. Halafu, kama root:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Neno la mwisho lile ndilo kazi yote. Linaandika GRUB kwa jina EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambalo UEFI inalitafuta yenyewe kwenye diski ya kuchomeka.

Mbele ya kutoka tulichomoa diski, tukawasha mashine mara mbili. Windows ikaja yenyewe. Jaribio hilo tungelifanya Jumamosi, lakini grupu ilikuwa karibu kuzimwa na tulikuwa na haraka.