FIGO ZIKISHINDWA: SAA 12 NA SAA 156



Figo huchuja damu na kutoa uchafu na maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Hazina siku ya mapumziko. Hata tukilala, zenyewe zinafanya kazi. Zikishindwa kabisa, mgonjwa huishi kwa kupandikizwa figo, jambo lililofanyika Muhimbili kwa mara ya kwanza mwaka 2017, au kwa kusafishiwa damu kwa mashine.

Huko Uingereza na Marekani, tangu miaka ya 1960 wapo wanaosafisha damu nyumbani usiku wakiwa wamelala. Mashine huenda polepole kwa saa 6 hadi 8. Maji yakitoka taratibu, moyo hauchoki sana, na wengi huamka na nguvu ya kwenda kazini.

Lakini matibabu hayo yanadai umeme wa uhakika, maji yaliyosafishwa kwa mtambo maalum, zaidi ya lita 100 kila mara, na ndugu aliyefundishwa. Katika chumba cha kupanga pale Mchikichini, bomba moja kwa wapangaji wote, hayo ni magumu. Hivyo utaratibu wa kawaida ni kwenda hospitali mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara.

Tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Mashine inafanya kazi saa 12 tu. Saa 156 zinazobaki, mgonjwa yuko mikononi mwa watu wa nyumbani.

Tulimhudumia mama mmoja, muuza vitenge. Alikosa zamu moja kwa sababu fedha zilikwenda kwenye ada ya mtoto. Usiku akashindwa kulala chali, akakaa kitandani akihema. Majirani walidhani ni pumu, kumbe maji yamejaa mapafuni. Alifikishwa hospitali alfajiri, akanusurika. Tangu hapo wanawe humpimia maji ya siku katika chupa moja. Yakiisha, yameisha.

Tuzingatie haya:

1. Mgonjwa asikose zamu. Fedha zikipungua, semeni mapema hospitalini na katika jumuiya. Msinyamaze.

2. Anywe kiasi alichopangiwa na daktari. Chai, uji, supu na barafu navyo ni maji.

3. Chumvi ipunguzwe, maana ndiyo inayoleta kiu. Ng'onda si chakula chake.

4. Ndizi, machungwa na madafu vina potasiamu nyingi. Ikizidi mwilini, moyo unaweza kusimama ghafla. Asile bila kuuliza kiasi.

5. Mkono wenye mshipa wa mashine usibebe mizigo, usilaliwe, wala usipimwe presha.

Akihema kwa shida, akitetemeka kwa homa au akilegea ghafla, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Na sisi tulio wazima tupime presha na sukari, kwa kuwa hayo mawili huharibu figo kimyakimya.

Tujiulize: Je, nyumbani kwetu nani anapima maji ya mgonjwa? Na usiku akizidiwa, nani atatafuta gari?