Gari la Kukodisha Linapouzwa

Ndugu wananchi wa Kizuka na Rumonge, twaulizwa mara kwa mara: je, gari lililokuwa likikodishwa lafaa kununuliwa? Lafaa, mradi muuzaji awe ndiye mwenye mali. Gari hilo limepita mikononi mwa madereva wengi, lakini mmiliki makini hulitengeneza kwa wakati na kuweka daftari la matengenezo. Liombeni daftari hilo, na fundi wenu alikague gari. Msitegemee kilomita zinazosomeka, kwani huweza kurudishwa nyuma.

Hatari kubwa zaidi ni ya mtu anayekodi gari siku chache, akalivusha mpaka na kuliuza kwa bei ya chini. Mnunuzi aweza kupoteza gari na fedha pia, hata akiwa na nia njema. Basi, linganisheni namba ya chesi iliyo kwenye gari na ile ya kadi. Ndiyo Interpol huitumia kutambua magari yaliyoibwa. Thibitisheni jina la mwenye gari katika Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR), kisha andikeni mkataba mbele ya mashahidi.

Muuzaji akiwaharakisha au akikataa ukaguzi, msilipe. Njooni kwanza polisi. Tahadhari kabla ya hatari.