Kabla ya Kuchimba Msingi: Nyumba Gani Inafaa Ploti Yako?

Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hujenga kwa akiba ya miaka mingi. Uamuzi mzito huja kabla ya tofali la kwanza: nyumba ya familia pekee, vyumba vya kupangisha au ghorofa? Mambo manne yafaa kupimwa kwanza.

1. Ardhi ni ya nani?

Mombasa ina desturi ya nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Desturi hii ilikubalika zaidi nyumba zilipokuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti. Kumwaga zege la mamilioni kwenye kiwanja cha mwenzio ni hatari nyingine. Ardhi ikiuzwa, risiti za kodi haziwi hatimiliki.

Asiye na hati apate kwanza makubaliano ya maandishi kupitia wakili, au ajenge kwa kiasi ambacho hasara yake haitamfilisi. Anayenunua ploti afanye upekuzi katika afisi ya usajili wa ardhi, kisha mpima ardhi aliyesajiliwa ahakikishe mipaka.

2. Nani ataishi humo?

Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani kuna jiko na choo. Faida yake ni kwamba familia yaweza kukaa upande mmoja na kupangisha upande wa pili. Kasoro yake ni choo kimoja kwa watu wengi. Ikiwa wapangaji ni wa kudumu, heri kupunguza chumba kimoja na kuongeza choo.

Nyumba ya familia moja hutoa faragha na nafasi ya watoto, lakini haileti kodi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi mraba 5,000 tu. Nyumba ikiwekwa katikati kabisa, hapatakuwa na nafasi ya kujenga nyingine baadaye. Ikiwekwa upande mmoja, nafasi hubaki.

Ghorofa huleta mapato zaidi, hasa Changamwe, karibu na bandari na viwanda. Lakini kila nyumba inahitaji maji, choo na mahali pa gari. Jirani na Uwanja wa Ndege wa Moi, urefu wa jengo pia huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayetaka kuuza nyumba moja moja ndani ya jengo anaweza kutumia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, ambayo humpa kila mnunuzi hati yake.

Wengi hujenga chini sasa na kupandisha juu pesa zikipatikana. Hilo halina ubaya, mradi mhandisi apige hesabu ya msingi na nguzo za ghorofa zote tangu mwanzo. Msingi wa nyumba ya chini haubebi ghorofa tatu. Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto liliporomoka Aprili 29, 2016, na zaidi ya watu 40 wakafariki.

3. Maji taka, upepo na chumvi

Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni haina mabomba ya maji taka. Karibu na ufuo, mwamba wa matumbawe una vipenyo vingi, na maji ya shimo la choo hufika kisimani upesi. Kadiri wapangaji wanavyoongezeka, ndivyo tangi la maji taka linavyohitaji kuwa kubwa na kuwa mbali na kisima, chako na cha jirani.

Madirisha ya pande mbili zinazokabiliana hupitisha upepo wa kusi na kaskazi, na kupunguza gharama ya feni. Mchanga wa bahari na maji ya chumvi visitumike kwenye zege: chumvi hula nondo kimyakimya.

4. Kibali

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kila anayejenga apate idhini ya kaunti kwanza. Anayeanza bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Ombi huambatana na hati za umiliki, michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na uthibitisho kwamba kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa. Mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Kabla ya kumlipa fundi, ulizia katika afisi ya mipango ya kaunti iwapo eneo lako linaruhusu aina ya nyumba unayotaka. Ramani ni rahisi kubadilisha ikiwa bado iko kwenye karatasi. Ukuta ukishasimama, mabadiliko hulipiwa mara mbili: kubomoa, kisha kujenga upya.