Kuuguza Vidonda vya Watu wa Desturi Mbalimbali

Siakago ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, upande wa chini wa Embu, penye joto na mvua haba. Watu wa huko hulima, hufuga mbuzi na nyuki, huchuma muguka na kuchoma makaa. Kwa hiyo vidonda ni vingi: vya panga, vya miiba, vya moto na vya kuumwa na nyoka. Wahitajio kutibiwa huko si Wambeere peke yao. Wamo Waembu, Wakamba, Watharaka na wengineo, na kila mmoja huja na kidonda chake pamoja na mawazo yake juu ya kidonda hicho.

Tuseme mkulima amejikata mguu kwa jembe, akatia majivu au mavi ya ng'ombe ili damu ikome. Muuguzi asiye na subira humkaripia mbele ya watu. Mkulima hunyamaza, lakini mara nyingine atakaa nyumbani mpaka mguu uoze. Karipio lile laweza kumpotezea mguu. Yafaa aulizwe kwa upole, "Mzee, mlitia dawa gani kabla ya kuja?" Jibu lake lina kazi: vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na ugonjwa huo aghalabu huanza kati ya siku ya 3 na ya 21. Muuguzi akijua yaliyotiwa, ataosha kidonda kwa maji safi mengi na kutazama kama sindano ya pepopunda yahitajiwa.

Asali ni habari nyingine. Wambeere ni wafugaji wa nyuki tangu zamani, na anayecheka asali amekosea, maana asali huzuia vijidudu kuongezeka. Lakini ile ya mzingani yaweza kuwa na uchafu. Hospitali hutumia asali iliyotengenezwa kwa vidonda na kuuawa vijidudu vyake.

Lipo jambo ambalo hata muuguzi mwenye cheti huweza kulisahau. Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa kwa kutazama watu weupe, navyo husema kidonda kilichoharibika huwa chekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Basi muuguzi aguse kwa mgongo wa mkono, alinganishe joto na upande wa pili, atafute uvimbe, ugumu, usaha na harufu.

Maumivu nayo hujificha. Wazee wengi wa sehemu hizo walitahiriwa katika desturi iliyohesabu kujikunyata kuwa aibu. Ukimwuliza mzee kama huyo kama anaumwa, atasema, "Kidogo tu." Heri aulizwe kama alilala usiku, na kama aweza kukanyaga.

Mkorino aliyeumia kichwani aombwe ruhusa kabla ya kufunguliwa kilemba. Mwislamu aelezwe asiloweshe bendeji. Dini yake yamruhusu kupangusa juu yake wakati wa kutawadha. Muuguzi wa Marekani, Madeleine Leininger, aliyaandikia vitabu mambo ya namna hii, kimoja mwaka 1970.

Mgonjwa asiruhusiwe kwenda kabla ya kuitwa yule atakayemwosha nyumbani, awe mke au nyanya, aonyeshwe kwa lugha anayoifahamu jinsi ya kunawa mikono kwa sabuni na kufunga kitambaa safi, kisha naye afanye mbele ya muuguzi.