Nguo za Dorkasi na Maua ya Sufu
Somo: Matendo ya Mitume 9:36–42



Twasoma ya kuwa Petro alipofika Yafa, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha mavazi aliyoyashona Dorkasi alipokuwa hai. Hawakumsifu kwa maneno matupu. Walishika kazi ya mikono yake. Leo twataka kujifunza juu ya ukumbusho wa namna hiyo, nasi twautwaa mfano wetu katika nchi ya Australia.

Wakati wa vita kuu ya kwanza, 1914 hata 1918, wanaume wengi wa Australia walikwenda kupigana ng'ambo. Wanawake, wazee na watoto wakabaki nyumbani. Huko Ulaya askari walisimama katika mahandaki yenye maji na matope, hata miguu ikavimba na kuoza. Kinga yake ilikuwa kuikausha miguu na kuvaa soksi kavu. Basi waliobaki nyumbani wakaketi wakafuma. Soksi hufumwa kwa kuzunguka, kwa sindano nne au tano, isiwe na mshono wa kuchubua vidole. Chama cha Australian Comforts Fund kilipeleka zaidi ya jozi 1,300,000. Afumaye hakujua ni mguu wa nani utakaoivaa kazi yake. Alijua tu ya kuwa ni mguu wa mwana wa mtu.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2013 wanawake wawili wa huko walianza kufuma maua mekundu ya sufu, wawakumbuke baba zao waliopigana katika vita kuu ya pili. Maua hayo huitwa popi, nayo huota katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa palipopiganwa vita ya kwanza. Kwa hiyo yamekuwa alama ya waliokufa vitani. Walikusudia maua 120 tu. Lakini wengine walisikia, wakaleta yao, huyu ameyafuma kwa sindano mbili, yule kwa sindano ya kulabu. Tarehe 25 Aprili 2015, ilipotimia miaka 100 tangu askari wa Australia waliposhuka Gallipoli, maua zaidi ya 250,000 yalitandazwa mjini Melbourne, katika uwanja wa Federation Square. Mwaka 2016 karibu 300,000 yalionyeshwa Chelsea, mjini London.

Je, kazi hii ina faida gani? Juu ya mawe ya ukumbusho huchorwa majina ya waliokufa vitani. Mama aliyekesha akifuma hana jina jiweni. Afumaye leo huishika tena kazi ya mama yule, na vidole vyake hujifunza subira yake.

Lakini liko neno lituhusulo sisi Walutheri. Katika miaka ile ile, watu wa Australia wenye asili ya Kijerumani walitazamwa na jirani zao kama adui. Mwaka 1917 serikali ya Australia Kusini ilizifunga shule 49 za Kilutheri. Basi soksi zile na shule zile ni habari za wakati mmoja na za nchi moja. Tukizikumbuka soksi na kuzisahau shule, tumekumbuka nusu tu. Wafumaji wajua ya kuwa kitanzi kimoja kikiponyoka, kazi hufumuka kwenda chini, mstari kwa mstari. Kitanzi hicho hakifichwi. Hutafutwa, kikainuliwa kwa kulabu, kikarudishwa mahali pake. Ndivyo ipasavyo kufanya kwa jirani tuliyemwacha nje ya ukumbusho wetu.

Tena, Petro hakuzidharau nguo za Dorkasi wala machozi ya wajane. Aliwatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba. Kisha akawaita watakatifu na wajane, akamweka mbele yao, naye yu hai. Ukumbusho wao ulipelekwa kwa Mungu, ukarudi kwa walio hai. Hata kwetu Tanzania wako wazee waliobaki nyumbani wakati wa vita ya 1978 na 1979 dhidi ya jeshi la Idi Amin. Na tuwaendee, tuwasikilize, maadamu wangali nasi. Kumkumbuka askari aliyekufa na kumwacha mjane wake aone baridi, huko si kukumbuka.

Maswali ya kuzungumza katika mafundisho:
1. Kwa nini wajane wa Yafa walionyesha nguo, wala hawakusema tu?
2. Ni nani katika usharika wetu ambaye kazi yake ya siri haijakumbukwa?
3. Je, yuko jirani tuliyemwacha aponyoke kama kitanzi? Tutamrudishaje?

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu.