SIMU YA UPEPO NDANI YA MOTOKAA
Jinsi ya Kuifunga na Kuitunza kwa Salama

Wasomaji wetu, wazee wa miji, waalimu, na ninyi nyote mliojaliwa kusoma, leo twataka kuleta somo juu ya redio ya kusema na kujibiwa, ile ambayo wazee waliiita simu ya upepo, inapofungwa ndani ya motokaa. Somo hili lawahusu hata wasio na motokaa. Mgonjwa akipandishwa katika gari huko Mtae au Mlalo ili apelekwe Lushoto, au akiteremshwa toka Lushoto kwenda Mombo, na kutoka hapo Korogwe mpaka hospitali ya Bombo mjini Tanga, uhai wake waweza kutegemea redio ile, kama yasema au imenyamaza. Tena redio iliyofungwa vibaya si bubu tu, bali yaweza kuliteketeza gari pamoja na waliomo.

Habari za asili yake

Katika nchi yetu simu ya upepo ni jambo la zamani. Wadachi walikuwa na mlingoti wake Dar es Salaam, na tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ikaupigia mji mizinga kwa ajili ya mlingoti ule. Lakini mitambo ya siku zile ilikuwa mikubwa mno, haikuweza kuchukuliwa na motokaa. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walianza kusikiliza amri za wakubwa wao ndani ya magari, lakini hawakuweza kujibu. Mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, wakapata mitambo ya kusema na kujibu. Huku Afrika ya Mashariki, waganga warukao kwa ndege, ambao chama chao kilianzishwa Nairobi mwaka 1957, walitumia redio za mawimbi mafupi ili kuungana na hospitali zilizo mbali na miji.

Labda mtu atauliza, "Je, simu za mkononi hazitoshi?" Zafaa sana, lakini katika mabonde ya Usambara ziko sehemu zisizofikiwa na mnara wowote. Tena simu ya mkononi husema na mtu mmoja, bali redio husikiwa na wote walio katika njia ile ile ya mawimbi. Masika yakiporomosha udongo na mawe katika barabara ya Mombo, dereva mmoja akisema mara moja, wenzake wote husikia na kusimama.

Mlima na mawimbi

Yafaa tujue kwanza jinsi mawimbi yaendavyo. Redio nyingi za motokaa hutumia mawimbi yaitwayo VHF, ambayo urefu wake ni mita 2 hivi. Hayo huenda karibu sawasawa na mwanga wa taa, yaani moja kwa moja, wala hayapenyi mlima. Mtu aliye nyuma ya mlima yumo kivulini. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa mguuni pa milima. Barabara iliyo kati yao, kilomita kama 33 kwa njia ya Soni, huzunguka kando ya genge, na kila kona yaweza kuficha mawimbi. Kwa hiyo huwekwa mtambo wa kupokezana juu ya kilele. Mtambo huo hupokea sauti kutoka bonde hili, na papo hapo huirusha upya kwenda bonde la pili, kama mtu asimamaye mgongoni mwa mlima akipokea wito wa huku na kuupaza kwa walio kule.

Yako pia mawimbi ya HF, yaliyo marefu kuliko hayo. Hayo hupanda juu sana, yakagonga tabaka la anga lililochomwa na jua, yakarudi chini mbali, hata ng'ambo ya milima. Lakini antena yake ni ndefu, na mtumiaji hana budi kubadili njia ya mawimbi mchana na usiku.

Kabla ya kushika spana

Kwanza, pateni ruhusa. Anga ni mali ya wote, na wawili wakisema katika njia moja bila mpango, hakuna asikiaye. Kwa hiyo leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na matumizi ya mawimbi yafuata Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Asiwepo mtu wa kununua mtambo sokoni na kuanza kusema kwa kuwa tu umewaka.

Pili, someni kitabu cha redio na kitabu cha gari. Tazameni nguvu ya betri. Motokaa ndogo huwa na volti 12, bali malori mengi yana betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24. Redio ya volti 12 ikiungwa na volti 24 huungua mara moja. Wako mafundi waungao redio katika betri moja tu ya zile mbili. Hilo ni kosa, maana betri ile hupungukiwa, na mwenzake hujazwa kupita kiasi, mwisho zote mbili hufa. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 ziwe 12.

Tatu, fungueni waya wa betri wa upande wa kutoa (–) kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Sababu yake ni hii: katika magari yetu mwili wote wa chuma umeungwa na upande wa kutoa. Ukianza kufungua upande wa kujumlisha (+), na spana ikagusa chuma cha gari, umeme wote wa betri hupita katika spana hiyo, nayo huwa nyekundu mkononi mwako. Wala msivute sigara hapo, maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Waya wa umeme na fyuzi

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Redio ya wati 50, wakati wa kusema, hula amperi 10 au zaidi. Kwa hiyo msiiunge katika tundu la kuwashia sigara, wala katika waya wa taa. Nyaya hizo hazikukusudiwa mzigo huo. Toeni nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, isipokuwa kitabu cha gari chaagiza waya wa kutoa uungwe mahali pengine, kama magari mengi ya siku hizi yaliyo na kipimo juu ya betri.

Waalimu waweza kuwafundisha watoto hesabu hii. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.1, ukipitisha amperi 10, hupoteza volti 1 njiani. Volti hiyo haipotei bure, hugeuka kuwa joto ndani ya waya, na redio hubaki na njaa. Ndiyo sababu twasema unene wa waya usipunguzwe.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kama shubiri moja hivi. Wengi huiweka karibu na redio, wakidhani kwamba kazi yake ni kuilinda redio. La! Fyuzi iliyo karibu na betri hulinda waya, tena hulinda gari zima. Fikirini waya upitao katika ukuta wa chuma ulio baina ya injini na chumba cha dereva. Barabara ni mbovu, gari latikisika, na ukingo wa tundu ni mkali kama kisu. Baada ya miezi waya huchubuka, ukagusa chuma. Betri yaweza kusukuma mamia ya amperi kwa mara moja. Kama fyuzi iko mwanzo wa waya, hukatika, na habari imekwisha. Kama iko mwisho, umeme haufiki kwake, hivyo fyuzi haijui lolote, na waya wawaka moto kando ya bomba la mafuta. Kwa hiyo kila tundu livishwe pete ya mpira, na waya ufungwe imara mahali pengi, mbali na bomba la moshi, usukani na miguu ya dereva.

Fyuzi ikikatika, tafuteni kwanza sababu, ndipo mtie nyingine ya kiasi kile kile. Mwenye kutia kipande cha waya au karatasi ya sigara amemfukuza mlinzi wake.

Mahali pa redio na antena

Redio ifungwe kwa bolti na nati mahali ambapo dereva aifikia bila kuinama, wala isizuie macho yake. Isiachwe juu ya kiti, kwa maana gari likigonga, redio huruka kama jiwe la kombeo. Magari ya siku hizi yana mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, basi msifunge kitu mbele yake. Wacheni nafasi ya hewa nyuma ya redio ili ipoe. Tena kabla ya kutoboa kwa keekee, tazameni nyuma ya bati, pasiwepo tangi, bomba la breki wala nyaya.

Antena hufaa zaidi katikati ya paa la chuma. Kwa mawimbi ya mita 2, antena fupi ni robo yake, yaani sentimita 50 hivi, na bati la paa ni nusu ya pili ya kazi. Kwa hiyo rangi iparuzwe chini ya kitako, chuma kiguse chuma, kisha pazibwe maji yasiingie. Waya wa antena usikunjwe kwa nguvu wala kubanwa na mlango, na upite mbali na nyaya za mtambo unaoongoza injini na breki.

Kamwe msibonyeze kitufe cha kusema kabla antena haijaungwa. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani ya redio na kuiunguza. Fundi apime kwa kipimo cha mawimbi yarudiyo. Kikionyesha chini ya 1.5, ni vyema. Kikipita 2, kazi isimame hata kosa lipatikane.

Wakati wa kutumia

Asisimame mtu karibu na antena wala kuishika wakati wa kusema. Na awe mbali kama mita moja au zaidi. Zimeni redio mnapotia petroli. Msiseme karibu na machimbo ya mawe yanayopasuliwa kwa baruti ya umeme, maana mawimbi yaweza kuiwasha. Ngurumo zikija, msiguse antena.

Dereva ashushaye gari kutoka Soni kwenda Mombo anahitaji mikono miwili na macho mawili. Kama ana neno la kusema, asimame mahali palipo wazi, au aseme mwenzake. Kwanza sikiliza kama njia ni tupu. Bonyeza kitufe, ngoja kama sekunde moja, sema maneno machache ya wazi, kisha kiachie. Kitufe kilichogandamizwa na kiti kwa bahati mbaya huziba vinywa vya wote.

Matunzo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila juma tazameni bolti, nyaya na antena, na mwite mwenzenu mjue kama mwasikilizana. Kila mwezi fungueni boneti. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, fungueni nyaya kwa utaratibu tuliousema, mvioshe kwa maji na magadi, mkijikinga macho, kisha mpake grisi. Kabla ya fundi kulehemu gari kwa umeme, nyaya za betri na za redio zifunguliwe.

Redio isipowaka, tazameni fyuzi na vichwa vya betri. Ikipokea lakini haisikiwi mbali, tazameni antena na maji ndani ya waya wake. Ikipiga mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini, kosa huwa katika altaneta au viungo vya nyaya. Wala msisahau kuizima usiku. Redio ilayo nusu amperi, kwa saa 24 hula amperi-saa 12, nayo ni sehemu moja ya tano ya betri ya 60. Siku chache tu, na gari la wagonjwa halitawaka alfajiri.

Maswali ya kujibiwa

1. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri, si karibu na redio?
2. Waya wa upande gani hufunguliwa kwanza, na kwa sababu gani?
3. Gari liko nyuma ya mlima wala halisikiwi. Ni njia zipi mbili za kulifikia?
4. Redio ilayo nusu amperi imeachwa ikiwaka tangu Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi. Imekula amperi-saa ngapi?

Atakayejibu la nne atapata 30, yaani nusu nzima ya betri ile; na hapo ataelewa kwa nini mlinzi wa gari apaswa kutazama taa ndogo ya redio kabla ya kwenda nyumbani.